Anza na Mtihani, Kitabu Kifuate

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu mwenye kazi, pengine na familia, aliyeamua kuomba nafasi ya shahada ya uzamili au uzamivu katika chuo kikuu cha Marekani. Amekwisha kupata walimu wa kumwandikia barua za kumpendekeza, nakala za matokeo ameshaziagiza, kisha katika kusoma masharti ya idara anakutana na herufi tatu za jina la mtihani: GRE. Anahesabu siku na kukuta amebakiwa na wiki sita. Jambo la kwanza analofanya, na hapo ndipo kosa linapoanzia, ni kutafuta kitabu. Anapata kitabu kinene kama tofali, au rafiki anamrushia kwenye simu mafaili ishirini, orodha ya maneno elfu moja ya Kiingereza ikiwamo, naye anaanza ukurasa wa kwanza kwa nia safi kabisa. Wiki ya tatu yuko ukurasa wa 140, na ya ukurasa wa 30 yameshafutika. Watu watasema amekosa muda. Mimi nasema muda alikuwa nao. Alianza na kitabu, na kitabu hakimjui. Mwenye muda mfupi aanze na mtihani wenyewe. Aufanye siku ya kwanza, kabla hajafungua ukurasa wowote, kisha makosa yake ndiyo yamwambie asome nini na, zaidi ya hapo, aache nini.

Tuutazame mtihani huo, maana wengi wanauogopa kwa kusikia tu. GRE hutungwa na ETS, taasisi yenye makao yake karibu na Princeton, jimbo la New Jersey. Chanzo chake ni mwaka 1936, ulipoanzishwa kama jaribio la vyuo vinne vya mashariki mwa Marekani: Harvard, Yale, Princeton na Columbia. Kwa miaka mingi ulikuwa mtihani wa kuchosha mgongo, karibu saa nne kitini. Tangu Septemba 2023 umefupishwa, na sasa unachukua saa moja na dakika 58, bila mapumziko rasmi katikati. Kuna insha moja ya dakika 30. Kuna sehemu mbili za lugha, maswali 12 kwa dakika 18 na maswali 15 kwa dakika 23. Kuna sehemu mbili za hisabati, maswali 12 kwa dakika 21 na maswali 15 kwa dakika 26. Ukigawanya, swali la lugha lina kama dakika moja na nusu, na la hisabati dakika moja na sekunde 45 hivi. Lugha na hisabati kila moja hupewa alama zake, kuanzia 130 hadi 170, na insha hupewa kuanzia 0 hadi 6.

Hisabati yenyewe ndiyo inayowashangaza watu. Hakuna kalkulasi, hakuna trigonometria. Kuna asilimia, uwiano, milinganyo, namba tasa, pembetatu, duara, wastani, uwezekano, na kusoma grafu na majedwali. Aliyemaliza kidato cha nne Tanzania au Kenya amekwisha kuketi darasani mbele ya karibu mambo hayo yote, na kwenye skrini ya mtihani kuna kikokotoo. Basi kwa nini mhandisi mwenye shahada ya kwanza anaanguka hapo? Kwanza, mengi ameyasahau, kwa sababu kazini hakuna anayemwuliza habari za namba tasa. Pili, maswali hutungwa na watu wanaojua barabara mahali ambapo akili ya mtu mwenye haraka huteleza, nao huweka mtego hapo hapo. Kitabu kinene humfundisha mtu huyu pembetatu kuanzia mwanzo, kana kwamba hajawahi kuiona. Hakimwambii kwamba yeye, yeye binafsi, huteleza kila anapokutana na namba hasi.

Kuna na kanuni mbili za mtihani ambazo mtu anaweza kusoma miezi sita asizijue kama hajawahi kuufanya. Ya kwanza ni kwamba sehemu ya pili hubadilika kulingana na ulivyojibu ya kwanza: ukifanya vizuri, unaletewa maswali magumu zaidi yenye kukufikisha kwenye alama za juu, ukiboronga, unaletewa mepesi, na dari ya alama zako inashuka. Kwa hiyo uangalifu katika yale maswali 12 ya mwanzo una faida kubwa. Ya pili, jibu lisilo sahihi halikatwi alama. Mtahiniwa aliyekulia kwenye mitihani ya kuadhibu kubahatisha huacha swali wazi kwa heshima, na heshima hiyo inamgharimu bure. Ukibakiwa na nusu dakika na maswali matatu hujayagusa, jaza chochote. Na ndani ya sehemu moja unaruhusiwa kuliwekea swali alama, ukaendelea mbele, kisha ukarudi. Ni mambo madogo, lakini hakuna ukurasa wa hisabati unaoweza kukuongezea alama kwa urahisi namna hiyo.

Nije kwenye ushahidi wa hoja yenyewe. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Baadhi walisoma kifungu kisha wakakisoma tena. Wengine walisoma mara moja, kisha wakafunika karatasi na kuandika kila walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza: walikumbuka asilimia 81, wenzao asilimia 75. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka. Waliosoma mara mbili walibakiwa na asilimia 42, na waliojijaribu walikuwa na asilimia 56. Miaka saba baadaye, John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi ambazo wanafunzi huzitumia, wakazipima kwa tafiti zilizokuwapo. Mbili tu walizipa daraja la juu: kujijaribu, na kuyagawa masomo katika siku mbalimbali. Kusoma tena na kupigia mistari kwa kalamu ya rangi, kazi mbili zinazompa mtu raha ya kujiona anasoma, walizipa daraja la chini.

Kwetu hili halikuhitaji kusubiri maabara ya St. Louis. Katika madrasa za pwani, mtoto anayehifadhi hapewi aya mpya kwa sababu ameitazama ya jana kwa muda mrefu. Anaitwa mbele, msahafu umefungwa, anasoma kwa kichwa huku mwalimu akisikiliza, na anapokwama anasahihishwa palepale. Akishaivuka, haachiwi, kesho anarudishwa kuidurusu pamoja na za wiki iliyopita. Kusikilizwa na kudurusu, hayo ndiyo yaliyowafanya watu wabebe kitabu kizima kifuani. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo aliyelelewa hivyo, akifika chuo kikuu, anajifungia na madesa usiku kucha akiyasoma tena na tena kwa macho, wala hayafuniki hata mara moja kujiuliza amebakiwa na nini.

Sasa tuone jaribio la siku ya kwanza linavyofanya kazi. ETS hutoa majaribio mawili kamili bila malipo kwenye tovuti yake, yenye muda uleule na sura ileile ya mtihani wa kweli. La kwanza lifanye leo. La pili liweke hadi wiki moja kabla ya siku yenyewe. Wengi hawataki kuligusa la kwanza mapema kwa kuogopa kulipoteza. Wanasema watalifanya wakishakuwa tayari. Lakini alama utakazopata siku ya kwanza si hukumu, na hakuna wa kumwonyesha. Paa linalovuja haliezuliwi lote. Fundi husubiri mvua inyeshe, akapanda darini kuona maji yanapita wapi. Jaribio la kwanza ndiyo hiyo mvua, na mwenye wiki sita hana bati la kuezeka upya nyumba nzima.

Halafu nunua daftari la shilingi chache na uliite daftari la makosa. Nitoe mfano. Kuna aina ya swali katika GRE linalokupa viwango viwili na kukuuliza kipi kikubwa: cha kwanza, cha pili, viko sawa, au haiwezekani kujua. Tuseme umeambiwa kwamba mraba wa x ni 16. Kiwango cha kwanza ni x. Kiwango cha pili ni 4. Mtu mwenye haraka anasema viko sawa, kwa sababu 4 mara 4 ni 16. Lakini hasi 4 mara hasi 4 nayo ni 16, kwa hiyo x inaweza kuwa 4 au hasi 4, na jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Katika daftari usiandike tu kwamba swali namba saba umekosa. Andika kwa lugha yako mwenyewe kilichokuponza: nilisahau namba hasi. Ukurasa unaofuata: bei ya kilo ya sukari imepanda kwa asilimia 20, kisha imeshuka kwa asilimia 20; je, imerudi ilipokuwa? Ulisema imerudi. Ifuate kwa kalamu: 100 inakuwa 120, na asilimia 20 ya 120 ni 24, kwa hiyo unabaki na 96. Andika: asilimia ya pili inatoka kwenye bei mpya. Baada ya makosa thelathini ya namna hiyo utagundua kwamba si thelathini. Ni matano au sita yanayorudi kwa nguo tofauti, na hayo matano au sita ndiyo silabasi yako.

Hapo ndipo suala la kuacha linapoingia, na kuacha kunawauma watu kuliko kusoma. Mchukue mhasibu wa Dar es Salaam anayekaa Mbagala na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji. Anatoka nyumbani alfajiri, anarudi usiku. Kwa uaminifu wote, anaweza kupata saa moja kwa siku tano za wiki na saa nne Jumamosi. Hizo ni saa 9 kwa wiki, saa 54 kwa wiki sita. Majaribio mawili kamili pamoja na kuyachambua yanakula kama saa 8. Insha sita za nusu saa, moja kila wiki, ni saa 3. Zinabaki 43. Mtu mwenye saa 43 hawezi kusoma sura zote za kitabu, kuhifadhi maneno elfu moja, na kutazama video za kila mada. Akijaribu yote ataonja yote, na wahenga walikwisha kusema mtaka yote hukosa yote. Kama jaribio limeonyesha lugha yake iko vizuri na hisabati inasuasua, basi saa 28 ziende kwenye hisabati na 15 kwenye lugha. Na ndani ya hisabati, kama pembetatu hakukosa hata swali moja, sura ya pembetatu hana ruhusa ya kuifungua, hata kama ndiyo inayompendeza. Kusoma tulichokwisha kukijua kuna utamu wake. Saa nyingi za watahiniwa hupotelea hapo, na hawahesabu kama ni kupoteza kwa sababu walikuwa mezani, taa inawaka, kalamu mkononi.

Nikae kidogo kwenye orodha ya maneno, kwa sababu ndiyo inayotia watu homa. Sehemu ya lugha inapima msamiati, ni kweli, lakini maswali ya kutafuta kinyume cha neno lililosimama peke yake yaliondolewa mwaka 2011. Tangu hapo neno huja ndani ya sentensi, na karibu nusu ya maswali ni ya kusoma kifungu na kukielewa. Orodha inakupa neno na maana yake kwa mstari mmoja, kana kwamba maneno huishi peke yao. Chukua kitenzi cha Kiswahili, kufyata. Mgeni akiambiwa kufyata ni kubana, atakuwa amepata nini? Mswahili anajua kwamba mbwa hufyata mkia na mtu hufyata ulimi, na kwamba katika yote mawili kuna woga au unyenyekevu ndani yake. Hakuna anayefyata mkanda wa suruali. Maneno ya Kiingereza nayo yana jamaa zake, na GRE inauliza kuhusu ujamaa huo. Kwa hiyo maneno kumi kwa siku, kila moja na sentensi yake, yakipitiwa kwenye foleni ya Kilwa Road kwa kadi ndogo au simu, na mtu akijiuliza kabla ya kugeuza upande wa pili, yanazidi maneno mia yaliyosomwa usiku mmoja kutoka juu hadi chini. Mengi yaliyobaki kwenye orodha yaache yaende. Hayatakuja yote, wala hukuwa unayaweza.

Jambo jingine ambalo ushahidi wake ni mkali, na ambalo watu hulikataa kwa sababu linaumiza, ni kuchanganya. Vitabu hupanga maswali kwa mada: ishirini ya asilimia, kisha ishirini ya uwiano. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi wa chuo kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja hadi yaishe, kisha jingine. Kundi la pili lilifanya maswali yaleyale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili asilimia 60. Wiki moja baadaye lile la kwanza lilipata asilimia 20, na la pili asilimia 63. Sababu si ngumu. Ukijua maswali yote ishirini ni ya asilimia, hulazimiki kujiuliza hili ni swali la aina gani. Jina la sura limeshakujibia. Katika chumba cha mtihani hakuna jina la sura. Kwa hiyo mazoezi yanayokwenda vizuri mno katika wiki ya tatu yatilie shaka.

Najua wako wanaonung'unika sasa hivi. Watasema: sisi tulipiga msuli wa zimamoto miaka minne chuoni, tukafaulu, na leo tuna shahada. Sikatai kwamba walifaulu. Rudi kwenye ule utafiti wa dakika tano: kusoma mara mbili kulishinda pale mtihani ulipokuwa karibu kiasi hicho. Zimamoto hufanya kazi mtihani ukiwa kesho asubuhi, wa somo moja, kutoka kwenye madesa ya mwalimu mmoja ambaye mtindo wake unajulikana. GRE haina madesa ya mwalimu, na inauliza mambo ya miaka kumi ya shule kwa mkupuo mmoja. Kukesha usiku wa mwisho hakukuongezei hata mojawapo ya hayo, na kunakunyang'anya kile unachokihitaji kwa kila dakika moja na nusu, yaani akili iliyolala ikaamka.

Wengine watadai kwamba kusambaza masomo ni anasa ya mwenye muda mrefu. Mwenye wiki sita asambaze nini? Pingamizi hili lina uzito, lakini nafasi kati ya somo na marudio hupimwa kwa umbali wa mtihani. Nicholas Cepeda na wenzake walilipima jambo hili kwa watu zaidi ya elfu moja, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Kipimo kilipokuwa siku 7 mbele, nafasi iliyofaa ilikuwa kama siku moja. Kilipokuwa siku 35 mbele, ilikuwa kama siku 11. Kwa hiyo mwenye wiki sita anayo nafasi ya kutosha. Kosa la Jumatatu alirudie Jumanne, alirudie wiki inayofuata, na alione mara ya mwisho kwenye jaribio la pili. Saa moja kwa siku tano inazaa kuliko saa tano za Jumapili kwa mkao mmoja, ingawa kwenye karatasi ni saa zilezile.

Pingamizi la walimu ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wao husema huwezi kumpa mtihani mtu asiye na msingi. Utamvunja moyo tu, na hutajenga kitu juu ya mchanga. Kuna ukweli humo. Mtu ambaye hajui kabisa kutatua mlinganyo hataokolewa na daftari la makosa, na wiki sita hazitamtoa chini kabisa zikamfikisha juu kabisa; atakayemwahidi hivyo ana kozi ya kuuza. Lakini hata huyo atajuaje msingi wake umebomoka upande gani? Jaribio litamwonyesha, kisha achukue kitabu cha hisabati cha kidato cha pili au cha tatu, asome sura tatu anazozihitaji, na aachane na zile nyingine. Sisemi kitabu kitupwe. Kiitwe kwa jina la kosa fulani, kijibu, kirudi rafuni. Na upande wa lugha niseme wazi, kasi ya kuelewa kifungu kigumu cha Kiingereza hujengwa kwa miaka ya kusoma, kwa hiyo hapo usitarajie alama zipande kama zinavyoweza kupanda kwenye hisabati. Kuizoea sura ya maswali kutakusaidia kiasi, na kiasi hicho kichukue. Insha ina unafuu wake: ETS huchapisha mada zote ambazo mada yako itatoka humo, ziko wazi kwa kila mtu, na bado wengi huingia chumbani bila kuwahi kuandika hata moja kwa saa ya ukutani.

Na kuna wanaosema mtihani huu haupimi kitu, kwa nini tujisumbue? Wanasaidiwa na ukweli kwamba idara nyingi za Marekani, hasa baada ya 2020, zimeacha kuudai au zimeufanya wa hiari, na zipo tafiti zilizoona kwamba alama zake hazitabiri vizuri ni nani atakayemaliza shahada ya uzamivu. Mimi siutetei. Ila ubishi juu ya thamani ya mtihani ni wa vyuo na watunga sera. Mwombaji ana ukurasa wa masharti wa idara moja, na hapo hakuna cha kubishania. Kabla ya yote, asome ukurasa huo neno kwa neno, maana huenda haudai GRE kabisa, na hakuna saa anazoweza kuokoa haraka kuliko hizo 54. Kama ni wa hiari, apime mwenyewe: kwa mtu aliyesoma katika chuo ambacho wajumbe wa kamati ya udahili hawakijui, alama nzuri ya hisabati ni kitu ambacho hawahitaji kutafsiriwa. Na kama inadaiwa, aangalie idara inatazama upande gani. Ya uhandisi au uchumi itaisoma hisabati kwanza.

Nimeacha tarehe kwa mwisho, ingawa kwa mwombaji ndizo zinazouma, pamoja na pesa. Ada ni dola 220 katika nchi nyingi, zaidi ya shilingi laki tano za Tanzania, na si kila mtu anaweza kuzitoa mara mbili. Kanuni inaruhusu kurudia baada ya siku 21, na matokeo rasmi huchukua kama siku 10 kutoka, ingawa alama za lugha na hisabati, zisizo rasmi, unaziona kwenye skrini kabla hujainuka kitini. Tuseme mwisho wa maombi ni tarehe 15 Desemba. Rudi nyuma siku 10, unafika 5 Desemba, siku ya mwisho ya kuufanya kwa usalama. Rudi tena siku 21, unafika 14 Novemba. Anayefanya mtihani wa kwanza tarehe hiyo ana nafasi ya pili mkononi. Anayeufanya tarehe 5 Desemba hana. Na wiki sita kabla ya 14 Novemba ni tarehe 3 Oktoba. Jina unalojiandikisha liwe lilelile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa sababu mlangoni hawasikilizi maelezo. Alama hudumu miaka mitano, kwa hiyo asiyewahi mwaka huu hajazitupa.

Jaribio la kwanza la bure linachukua saa moja na dakika 58. Wewe uliyejiandaa kufungua ukurasa wa kwanza wa kitabu usiku wa leo, kifunge. Ukianza jaribio saa mbili kamili usiku, kabla ya saa nne utakuwa umemaliza.